Mtaalamu Aliyeukana Ushauri Wake

Wataalamu wa maendeleo ni wepesi wa kushauri. Ushauri ukiharibika, lawama huiangukia serikali iliyoupokea, au mvua, au mwananchi anayeitwa mshamba. Mwenye ushauri wake huwa amekwisha hamia nchi nyingine. Leo nataka nikusimulie habari za mmoja aliyefanya kinyume, Mwingereza Jack Westoby.

Westoby hakuwa bwana misitu. Alikuwa mtu wa uchumi na takwimu, na mwaka 1952 alijiunga na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mjini Roma. Mabwana misitu wa siku hizo walijua kupanda miti, kuipima na kuilinda. Yeye aliuliza mbao zinatumiwa na nani.

Mwaka 1962 aliandika makala iliyomjengea jina. Alisema kipato cha watu kikipanda, haja ya mbao na karatasi nayo hupanda. Kiwanda cha mbao hulisha ujenzi na useremala. Cha karatasi hulisha shule na magazeti. Tena msitu si mgodi, ukitunzwa huota upya. Basi nchi maskini zenye misitu zijenge viwanda, navyo vitauvuta uchumi mzima. Tanganyika ndiyo kwanza ilikuwa imepata uhuru. Nani angeikataa hoja kama hiyo? Wakuu wa misitu waliipenda mno, maana hatimaye walikuwa na la kumwambia waziri wa fedha. Wafadhili nao wakafungua mikoba.

Kilichofuata ni magogo. Tazama Indonesia: baada ya sheria ya uwekezaji ya mwaka 1967, makampuni yalipewa maeneo makubwa ya msitu Kalimantan, na ilipofika miaka ya 1970 nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa magogo ya kitropiki duniani. Magogo yalipakiwa melini yakiwa mazima, yakapasuliwa ng'ambo, na kazi na faida zikabaki huko huko. Mwanakijiji jirani na msitu alibaki na visiki, na wakati mwingine na katazo la kuokota kuni.

Oktoba 1978 mkutano mkuu wa misitu wa dunia ulifanyika huko huko Indonesia, mjini Jakarta, kwa kaulimbiu ya misitu kwa ajili ya watu. Westoby, ambaye alikuwa amestaafu FAO miaka minne nyuma, alialikwa kuhutubia. Aliwaambia wakuu wa misitu kwamba viwanda alivyovitetea havikuleta maendeleo aliyoyaahidi, kwamba utajiri wa misitu ulikuwa umetoka nje, na kwamba mahitaji ya watu wa vijijini yalikuwa yamesahauliwa. Na katika hesabu hiyo ya makosa hakuiacha kando makala yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kusema kweli ni rahisi ukishapata pensheni. Nakubali kidogo. Lakini nawajua wastaafu wengi, na bado sijasikia wa pili.

Hotuba ile haikuzuia shoka. Hata hivyo swali lake, msitu huu ni wa nani, lilifika hadi kwetu. Mapema miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walipinga. Ikakubaliwa waulinde wao wenyewe, wakaweka sheria ndogo na walinzi wao, na msitu ukaanza kurudi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikazipa hifadhi za vijiji nafasi yake kisheria. Sisemi hayo ni kazi ya Westoby. Ni kazi ya watu wa Babati.

Yeye alifariki mwaka 1988. Mwaka mmoja kabla, maandishi yake ya miaka mingi yalikusanywa kitabuni. Ile makala ya 1962 angeweza kuiacha nje. Imo.