Ejo: Jana na Kesho Katika Neno Moja

Mkazi wa Kagugu, katika wilaya ya Gasabo jijini Kigali, akiulizwa wakati wa adhuhuri kwa Kinyarwanda, hujibu kuwa ni "saa sita". Jibu hilo ni Kiswahili kitupu. Sita kwa Kinyarwanda ni gatandatu, na saba ni karindwi. Walakini katika saa husemwa saa sita na saa saba. Ifikapo saa nane ndipo lugha hiyo hurudia hesabu yake, ikasema saa munani. Kiswahili kilifika huko kwa wafanyabiashara wa pwani, kikatumika katika utawala wa Wajerumani. Mji wa Kigali wenyewe ulianzishwa na Richard Kandt mwaka 1907.

Si kwamba Wanyarwanda hawakuwa na majira yao. Walikuwa na umuseke, yaani mapambazuko. Agasusuruko, jua la asubuhi lianzapo kupasha joto. Na igicuku, usiku wa manane. Walichokopa ni hesabu ya saa. Siku hawakuzikopa: hadi leo neno ejo lina maana ya jana, na lina maana ya kesho pia. Kwa hiyo mwanafunzi wao wa Kiswahili huenda akayachanganya maneno hayo mawili, na mwalimu asiyejua asili ya jambo akamdhania mzembe.

Je, wasioitenga kesho kwa jina hawaijui? Mwaka 1969 John Mbiti, mwanazuoni wa Kenya, alidai kuwa wakati katika fikra za Kiafrika ni Sasa na Zamani, maneno aliyoyatwaa katika Kiswahili, na kwamba wakati ujao wa mbali ni kama haupo. Hoja yake aliijenga hasa juu ya vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Mtu angeweza kudhani kuwa ejo yamuunga mkono. Lakini Mnyarwanda atakapo kubainisha husema ejo hashize, yaani "palipokwisha", na ejo hazaza, yaani "patakapokuja". Kesho ipo, nayo imebebwa na kitenzi.

Kiambishi hicho ha- ni ndugu ya pa- yetu, nacho ni cha mahali. Padre Alexis Kagame wa Rwanda, alipochambua falsafa ya lugha yake katika kitabu cha mwaka 1956, aliweka mahali na wakati katika fungu moja, ahantu. Kiswahili nacho chashuhudia vivyo hivyo: katika "alipo" -po- hutaja mahali, katika "alipofika" hutaja wakati, na hadithi zetu huanza "hapo kale".

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na walimu wengi watakutana na mwanafunzi huyo. Yafaa wamwanzishie katika -po-, ambayo tayari anayo kwa sura nyingine, ndipo wampe jana na kesho. Wazo la kesho analo. Amekosa jina lake tu.