Shule zilipofungwa: masomo ya mbali tangu redio hata simu

Watu wengi husema kwamba masomo ya mbali yalianza mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga milango ya shule zetu. Sivyo, wasomaji. Habari hii ina umri kuliko simu zetu, na shida tuliyoipata sisi, wengine waliipata mbele yetu.

Mwaka wa 1937, katika mji wa Chicago huko Marekani, kulizuka ugonjwa wa polio, ule unaopoozesha viungo vya watoto. Chanjo yake haikuwapo bado. Ilipatikana mwaka wa 1955 tu. Wakubwa wa mji walikataza shule zisifunguliwe mwezi wa Septemba, na watoto karibu 315,000 wa darasa la tatu hata la nane walibaki nyumbani. William Johnson, mkubwa wa shule za mji, alikimbilia redio. Vituo sita vilitoa nafasi bila malipo. Kila somo lilichukua dakika 15 hivi: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa habari za jamii na sayansi, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi Kiingereza na hesabu. Magazeti nayo yalichapa saa za masomo pamoja na maulizo, mtoto apate kuandika majibu yake na kumpelekea mwalimu siku ya kurudi.

Lakini mimi napenda zaidi habari ya simu. Walimu 16 waliwekwa kujibu wazazi waliotaka msaada. Siku ya kwanza walipigiwa zaidi ya mara 1,000, ikawa sharti kuwaongezea wenzao. Na malalamiko yalikuwa nini? Redio haisikiki vizuri. Mwalimu anakwenda mbio. Nyumbani kwetu hakuna redio. Tena ilionekana kwamba mtoto mwenye akili nyepesi alifuata bila taabu, lakini yule aliyekuwa nyuma alizidi kubaki nyuma, kwani redio haimwoni anayekunja uso kwa kutofahamu. Kazi hiyo haikufika majuma matatu. Shule zikaanza kufunguliwa.

Twende sasa Afrika. Ebola ilifunga shule za Sierra Leone mwaka wa 2014, nazo zilifunguliwa tena tarehe 14 Aprili 2015. Kwa muda huo masomo yalitangazwa kwa redio nchi nzima. Yalisaidia, sikatai. Hata hivi, wasichana wengi walichukua mimba wakati wa kukaa nyumbani, na shule zilipofunguliwa serikali iliwakataza wenye mimba wasiingie darasani. Katazo hilo liliondolewa mwezi wa Machi 2020 tu. Redio iliweza kupeleka hesabu nyumbani. Kumlinda msichana haikuweza, na shule humlinda kwa namna ambayo hatuihesabu mpaka imefungwa.

Ndipo ukafika mwaka wa 2020. Mwezi wa Aprili wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya shule. Safari hii watu walitumaini intaneti: masomo katika sanamu za video, vitabu vya kusomea katika simu, darasa ambamo mwalimu na mwanafunzi wanaonana kwa kioo. Penye umeme na mega, kazi iliendelea. Lakini UNICEF ilihesabu watoto wasiopungua milioni 463 ambao hawakuweza kufikiwa na somo lolote la mbali, wala la intaneti, wala la televisheni, wala la redio. Huko Uganda milango ya shule haikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022.

Na kwetu Kongo? Mwaka wa 2019, mwezi wa Septemba, masomo ya msingi katika shule za serikali yalifanywa bure, na watoto wengi waliingia, madarasa yakajaa hata mlangoni. Miezi sita tu baadaye, mwezi wa Machi 2020, shule zote zilifungwa. Fikirini mtoto wa mwaka wa kwanza, aliyeanza tu kujua herufi. Utampa somo la kusoma katika simu, naye hajui kusoma? Tena wakaaji wenye umeme walikuwa karibu mmoja katika watano. Radio Okapi ilitangaza masomo, na hiyo ilifika mbali kuliko intaneti. Lakini kijijini nilipokaa siku zile, redio ilikuwa mali ya baba: baba akienda shamba, redio inakwenda naye, na somo la saa nne linasikilizwa na mihogo. Kuhusu simu, kuichaji sokoni kuliombwa franka, na mega za video moja zilishindana na bei ya chumvi. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho walirudi mwezi wa Agosti. Wengine wote walingoja Oktoba, na mwezi wa Desemba shule zikafungwa tena mpaka Februari 2021.

Iko njia nyingine ambayo haikusemwa sana katika makelele ya mwaka ule. Tangu mwaka wa 2012 watu walitengeneza programu ya KA Lite, na mwaka wa 2017 ikafuata Kolibri, kwa ajili ya mahali pasipo intaneti. Mtu mmoja hupakua masomo mara moja mjini na kuyaweka katika mashine moja. Akirudi kijijini, mashine ile huyagawia simu na kompyuta zilizo karibu, bila kulipa mega hata moja. Inataka umeme kidogo, paneli ya jua yaweza kutosha. Inataka pia mtu wa kuitunza na kuketi na watoto, kama walimu wale 16 wa Chicago walivyoketi karibu na simu.

Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Goma, na shule zilifungwa tena, safari hii bila ugonjwa wowote. Umeme na intaneti vilikatika mjini siku zile zile.