Ngoma Ndani ya Picha: Suala la Istilahi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro hupita, huko Kibaha, mahali paitwapo Picha ya Ndege. Hatukusudii kueleza asili ya jina hilo. Ila latukumbusha jinsi neno picha, tulilolipata katika Kiingereza, lilivyotwishwa kazi nyingi. Ni mchoro, ni kazi ya kamera, tena ni filamu. Neno ngoma nalo ni pana vivyo hivyo: ni ala, ni uchezaji, ni wimbo, na ni mkusanyiko wenyewe wa watu. Makala haya yahusu yatokeayo ngoma inapotiwa ndani ya picha.

Katika nchi yetu sauti na picha zilipata kusafiri mbalimbali. Filamu za majaribio ya elimu zilizotengenezwa Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yalitolewa kwa santuri. Maneno yaliweza kubadilishwa, picha ikabaki ile ile.

Jukwaani hakuna utengano huo. Katika Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando, Bi Msimulizi huikabili hadhira na kuisimulia habari za wanawake wa Patata wanaohangaika kuisimamisha nguzo. Maneno yake yataka masikio yaliyo karibu, na wimbo wataka waitikiaji. Kamera husikia, lakini haiitikii.

Mfano ulio wazi zaidi twaupata Afrika ya Kusini. Sarafina! ya Mbongeni Ngema ilionyeshwa Johannesburg 1987. Filamu yake, iliyoongozwa na Darrell Roodt, ikatoka 1992. Leleti Khumalo alikuwa Sarafina kotekote. Hata hivyo kazi hizo si moja. Jukwaani risasi yaweza kuwa mdundo, na kifo kikaelezwa kwa mwili wa mchezaji. Hadhira imekwisha kukubaliana na waigizaji kwamba ndivyo ilivyo. Katika filamu, Soweto ni Soweto yenyewe, yenye vumbi, moto na damu. Wanafunzi wanapoanza kuimba katikati ya uhalisi huo, mtazamaji aweza kuuliza: mbona wanaimba? Mtengeneza filamu hana budi kulijibu swali ambalo jukwaani halikuulizwa.

Hapo ndipo istilahi inapokuwa na uzito. Kutafsiri ni kutoka lugha hadi lugha. Kutohoa kumekwisha kupewa kazi katika isimu, yaani kulivika neno la kigeni sauti zetu, kama lilivyovikwa neno picha. Kuhamisha nako kwadokeza kwamba mzigo ni ule ule, umebadili nyumba tu. Mtumishi wa serikali akiandika katika mkataba kwamba mchezo "utahamishiwa" kwenye filamu, ataona kamera moja mbele ya jukwaa yatosha, na fedha za mtunzi wa pili hazitatengwa. Mwalimu naye atawafundisha wanafunzi kupima filamu kwa kuhesabu nyimbo zilizoachwa.

Kwa hiyo twapendekeza maneno mawili kwa kazi mbili: kurekodi onyesho, pale kamera inapohifadhi yaliyofanyika jukwaani, na kutunga upya kwa filamu, pale wimbo unapotafutiwa sababu mpya ya kuimbwa mbele ya mtazamaji asiyeweza kuitikia. Wafasiri watakaotenganisha mawili hayo watakuwa wamewatendea haki watunzi wote wawili.