Nyumba ya Gisimba, Nyamirambo

Kabla serikali haijapanga lolote kuhusu yatima wa Kigali, familia moja ya Nyamirambo ilikuwa imeshafungua mlango. Wazazi wa Damas Gisimba walipokea watoto wasio na kwao, na walipofariki yeye akairithi kazi hiyo.

Aprili 1994 mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipoanza, kituo chao kiligeuka maficho. Watu wapatao 400, watoto kwa wakubwa, walibanana humo huku wauaji wakizunguka nje. Maji ndiyo yalikuwa kilio kikubwa. Carl Wilkens, mmishonari Mmarekani aliyekataa kuondoka mjini, aliyaleta kwa gari akipita vizuizi vya wanamgambo.

Baada ya vita vituo vya yatima vikaota kila upande, na hapakuwa na njia nyingine. Ila dharura ina tabia ya kuhamia moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta watoto na vijana 3,323 katika vituo 33 nchini, wengi wakiwa na ndugu walio hai. Umaskini ulikuwa miongoni mwa yaliyowafikisha pale.

Mwaka huohuo serikali iliamua kuvifunga. Mpango wa Tubarerere Mu Muryango, yaani tuwalee ndani ya familia, ulianza 2013 kwa msaada wa UNICEF: maofisa ustawi wa jamii na wanasaikolojia wilayani, kisha kila kijiji kikapewa wajitoleaji wawili, mwanamke na mwanamume, waitwao Inshuti z'Umuryango, yaani marafiki wa familia.

Kwa Gisimba vitanda viliondolewa. Watoto wa mtaa huo sasa huja baada ya masomo, na jioni hurudi kwao.