Amri

Kiswahili kina neno moja kwa agizo la Mungu na agizo la hakimu: amri. Tuna Amri Kumi, tuna amri ya mahakama. Asili yake ni Kiarabu, ingawa Waarabu wenyewe maagizo yale ya Musa huyaita wasia kumi.

Juni 27, 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi mbili kuhusu maandishi ya Amri Kumi, zote kwa majaji watano dhidi ya wanne. Nakala zilizotundikwa katika mahakama za kaunti huko Kentucky zilikataliwa. Jiwe la kumbukumbu lenye amri hizo, lililosimama tangu 1961 kwenye viwanja vya bunge la Texas, mjini Austin, likaachwa lilipo. Wapo walioona ukigeugeu. Mimi naiona tofauti. Uwanjani, katikati ya kumbukumbu nyingine, mpita njia husoma akitaka. Mshtakiwa hakuchagua kufika mahakamani, na akiona Amri Kumi ukutani ana haki ya kuuliza: nitahukumiwa kwa sheria ya nchi au kwa imani yangu?

Kwa kuwa neno letu ni moja, waandishi wa habari, msiandike “amri” peke yake. Tajeni ni ya nani.