UKIUMIA AU UKIUGUA MPAKA KAZI INAKUSHINDA, UNADAI WAPI?



Jirani yangu mmoja hapa Bujora alikatwa vidole viwili na mashine kwenye kiwanda fulani mjini. Bosi akampa hela ya dawa na nauli, akamwambia akapumzike nyumbani. Jamaa akapumzika kweli! Alipokuja kusikia kuna fidia, mwaka ulishapita na hana hata karatasi moja mkononi. Ndiyo maana nimeandika haya.

Kwanza tuelewane. Tanzania Bara hakuna posho ya serikali inayolipwa kila mwezi kwa kila mgonjwa au mlemavu. Unachoweza kudai kinategemea tatizo limekukuta ukiwa wapi.

1. UMEAJIRIWA, UMEUGUA
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Lazima uwe na cheti cha daktari, na kwa kawaida uwe umeshafanya kazi hapo angalau miezi 6. Ukiachishwa kazi kwa sababu unaumwa, peleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30.

2. UMEUMIA KAZINI, AU UGONJWA UMETOKANA NA KAZI
Hapa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Mwajiri akishajua umeumia anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7, na dai lisipite miezi 12. Mfuko unagharamia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, fidia ni asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukipimwa asilimia 30 au chini unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

3. UMEPATA ULEMAVU NJE YA KAZI
Kama unachangia NSSF, kuna pensheni ya ulemavu. Masharti: uwe umepoteza theluthi mbili ya uwezo wa kupata kipato, madaktari wathibitishe, na uwe na michango ya miezi 36, ikiwemo 12 ya mwisho kabla ya tatizo. Watumishi wa umma waende PSSSF. Angalieni salio lenu mapema, kuna mabosi wanakata mshahara halafu hawapeleki!

4. HUNA AJIRA RASMI
Wavuvi, bodaboda, mama lishe, hapa ndipo tulipo wengi, na hapa ndipo pagumu. TASAF imekuwa ikitoa ruzuku kwa kaya maskini, na kaya hizo huibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Usipohudhuria nani atakutaja? Pia halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo lakini, si msaada. Muone mtendaji au Afisa Ustawi wa Jamii.

CHA KUFANYA SIKU HIYO HIYO
- Mwambie msimamizi mbele ya shahidi, kisha andika barua na ubaki na nakala.
- Hospitali waeleze kwamba umeumia kazini, waandike kwenye cheti.
- Tunza mkataba, hati za mshahara na risiti zote.
- Usisaini karatasi ya "tumemalizana" bila kuielewa.

Hela ya nauli siyo fidia, jamani. Kama una ndugu kiwandani, mgodini au kwenye ujenzi, mprintie hii umpelekee. Aliyewahi kufuatilia atupe uzoefu wake hapo chini.

Tuko pamoja!