Walipohesabu Tani, Wao Walihesabu Watoto

Taifa linahitaji watu wangapi ili lisife? Wenyeji wa Nauru walikuwa na jibu: 1,500.

Nauru ni kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, kilomita 56 hivi kusini ya ikweta. Eneo lake ni kilomita za mraba 21 tu. Watu hukaa pwani, kwenye ukanda mwembamba wenye minazi. Katikati pameinuka uwanda uliojaa mawe ya fosfeti, mali ghafi ya mbolea.

Wajerumani walikitwaa kisiwa hicho mwaka 1888. Uchimbaji ulianza mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kisiwa kilikabidhiwa Uingereza, Australia na New Zealand, na meli zikazidi kupakia.

Wakubwa walihesabu tani. Wenyeji walihesabu watoto. Mwaka 1920 homa ya mafua iliua wengi, ikahofiwa kwamba watatoweka kabisa. Likawekwa lengo: wakifika 1,500, wamepona. Tarehe 26 Oktoba 1932 alizaliwa mtoto wa 1,500. Siku hiyo, iitwayo Angam, husherehekewa mpaka leo.

Furaha haikudumu. Wajapani waliteka kisiwa mwaka 1942, na mwaka uliofuata wakawapeleka wenyeji 1,200 hivi Truk, kufanya kazi za shokoa. Tarehe 31 Januari 1946 walirejea 737. Hesabu ikaanza upya, na mwaka 1949 wakafika tena 1,500.

Miaka ya 1960 Australia ilipendekeza wahamie kisiwa cha Curtis, Queensland. Mwaka 1964 walikataa, wakiona utaifa wao ungemezwa huko. Walijitawala tarehe 31 Januari 1968, siku ile ile waliyorejea kutoka Truk. Mwaka 1989 waliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa mjini The Hague kwa kuharibiwa ardhi. Mwaka 1993 Australia ikakubali kulipa dola zake milioni 107.

Hata hivyo, haki isemwe: baada ya uhuru, wenyewe waliendelea kuchimba. Leo wakazi wamepita 11,000, lakini karibu asilimia 80 ya kisiwa imechimbuliwa, yamebaki magenge ya mawe yasiyolimika wala kujengeka.

Watu wakipungua, huzaliwa wengine. Udongo uliokwishapakiwa melini haurudi.